Chungu cha Kumuagia Bi Mwamvua

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji kiitwacho Magaeni. Mwenye masikio na asikilize, na mwenye haraka ya kujibu auume ulimi kwanza. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana.

Magaeni palikuwa pa wafinyanzi. Wanaume walilima, wanawake walifinyanga. Mtoto wa kike alishika udongo kabla hajashika mwiko. Vyungu vya Magaeni vilibebwa vichwani mwendo wa siku tatu kwenda masoko ya mbali, na aliyenunua kimoja alimrithisha mwanawe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwanzo vyungu vyao vilipasuka kama vya watu wengine. Ukichoma kumi, saba vinatoka vizima, vitatu vinapasuka motoni. Kisha wakagundua udongo mwekundu wa ng'ambo ya mto. Wakajua kuuchanganya na vigae vilivyotwangwa. Wakajua siku za kuanika, wakajua na siku za kuchoma. Vikapasuka viwili, kikapasuka kimoja, kisha hakikupasuka hata kimoja. Mwaka wa kwanza wakashangilia. Mwaka wa pili wakajisifu. Mwaka wa saba watoto walikuwa hawajui chungu kilichopasuka kinafananaje.

Na hapa sikilizeni ujinga wa watu hodari. Vigae vya kutwanga viliwaishia, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Wakafanyaje? Wakachukua vyungu vizima, wakavipiga mawe, wapate vigae. Naona mnacheka. Mtacheka kidogo tu.

Basi Magaeni palikuwa na desturi. Akifa mama wa nyumba, hufinyangwa chungu cha kumuagia. Hufinyangwa baada ya maziko, huchomwa, na siku ya arobaini hupelekwa kaburini, kikalazwa upande wa kichwa. Na chungu hicho lazima kiwe kimeshindwa. Yaani kiwe kimemshinda mfinyanzi wake na kupasuka chenyewe motoni. Ukikivunja kwa mkono hakifai, maana hicho umekiua, hakikufa. Walisema hivi: marehemu akikiona kitu kilichoumbwa vizuri nacho kimepasuka, hujua kwamba si yeye peke yake, hukubali, akaenda zake. Asipokiona, hukaa mlangoni.

Na akikaa mlangoni, binti yake wa kwanza hatoki. Binti ndiye mlinzi wa moto wa mama. Tangu siku ya maziko hulala katika nyumba ya mama, huchochea moto ule ule usizimike, mpaka chungu kifike kaburini. Kisipofika siku ya arobaini, binti hungoja msimu mwingine wa kuchoma, na huo ni mwaka mzima, kwa sababu mvua zikianza hakuna achomaye vyungu.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Ulikwenda jivuni siku ya kuchoma, ukaokota kilichopasuka, ukamshukuru Mungu na mwenye chungu. Na katika miaka ile saba ya ujuzi, hakufa mama wa nyumba hata mmoja. Mwaka wa nane akafa Bi Mwamvua.

Bi Mwamvua aliacha nyumba, aliacha mtamba wa ng'ombe mwenye mimba, aliacha binti mmoja aitwaye Siwazuri. Na Siwazuri alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Mkude. Ukoo wa Mkude ulikuwa unahama. Mto ulikuwa umekula mashamba yao, wakapewa ardhi mpya juu milimani, mwendo ambao mtu hauendi mara mbili. Walikuwa wamesema, mvua ya kwanza ikigusa ardhi tunaondoka, tuwahi kupanda huko.

Mkude alikuja, akasimama nje ya mlango, maana ndani hakuruhusiwa. Siwazuri alikuwa amechutama kando ya moto.

"Siwazuri, baba amesema hawangoji."

"Arobaini itafika kabla ya mvua."

"Na chungu je?"

"Kitapasuka."

"Hapa Magaeni?" Mkude akasema, na Siwazuri akasukuma ukuni motoni.

Siwazuri akampelekea neno Bi Somoe. Huyu Bi Somoe ndiye aliyekuwa mama wa moto, yaani yeye ndiye aliyepanga vyungu na kuni siku ya kuchoma, na yeye ndiye aliyetoa hukumu katika mambo yote ya udongo. Mkali, mpenda ugoro, hasikii mtu. Siwazuri alisema: mtamba wa mama ni wa yule ambaye chungu chake kitakuwa cha kumuagia mama.

Bi Somoe akatangaza. Kijiji kizima kikainamisha macho. Mwizi hufundishwa kuiba, lakini fundi nani amfundishe kukosea? Mwishowe wakasimama wanawake wawili.

Wa kwanza alikuwa Bi Mashavu, fundi wa mafundi, ambaye licha ya jina lake uso wake ulikuwa mwembamba. Yeye na marehemu walifinyanga juu ya mkeka mmoja tangu usichana. Mtamba hakumhitaji, alikuwa na ng'ombe wake. Alisema, "Nitamfinyangia mwenzangu. Nitakiharibu mwenyewe."

Wa pili alikuwa Kidawa, mwanamke mwenye akili nyingi na maneno mengi, mama wa watoto sita wasio na maziwa. Yeye alimhitaji mtamba na hakuona haya kusema. "Mnataka kipasuke? Kitapasuka. Kazi hii ndogo."

Bi Mashavu akaenda kwake akakaa na udongo. Akasema, leo sitii vigae vilivyotwangwa. Hakutia. Akasema, leo upande mmoja nitaufanya mwembamba na mwingine mnene, upate kuvutana motoni. Akafinyanga, akafinyanga, akatazama. Upande mwembamba ulikuwa umenenepa. Mkono ulikuwa umerudi wenyewe ukaujaza, yeye hana habari. Akaupunguza. Akageuka kunywa maji, akarudi, akashika tena, mkono ukaujaza tena. Miaka arobaini mkono ule ulikuwa haujaacha upande mwembamba, ungeuachaje leo?

Bi Mashavu akakasirika. Akaukalia mkono wa kulia, akafinyanga kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza mkono wa kushoto ulitetemeka, naye akafurahi. Siku ya tatu ulikuwa umejifunza. Akakianika kwenye jua kali la mchana, jambo ambalo angemchapia bakora mwanafunzi wake. Na alipokianika akakiinamia, akakiambia, "Pasuka, tafadhali. Pasuka."

Kidawa yeye hakuhangaika na mkono. Alikwenda mtoni akatafuta jiwe la chokaa, dogo kama yai la njiwa. Akafinyanga chungu kizuri sana, sawasawa pande zote, maana alijua kufinyanga. Katikati ya ukuta wa chungu akalizika lile jiwe, akapaka udongo juu, akalainisha, usingelijua lipo. Chokaa ikipata moto hufumka. Kila mfinyanzi anajua, na ndiyo sababu kila mfinyanzi huchambua udongo wake mpaka macho yanauma. Kidawa akakianika chungu chake kivulini kwa utaratibu, akakiambia, "Utapasuka wewe." Akaenda zake kupika.

Siwazuri aliyasikia haya yote akiwa ndani. Habari za Bi Mashavu zilimtia hofu, habari za Kidawa zilimtia mashaka. Ndipo alipomkumbuka Havijawa.

Havijawa alikuwa mke wa mtu pale Magaeni, lakini alitoka kijiji cha wakulima. Udongo haukumkubali. Vyungu vyake vililala ubavu kabla hata havijauona moto, na wanawake walikuwa wamekwisha kumwambia, kwa sauti nzuri kabisa, "Wewe mwenzetu tuletee kuni." Miaka mitano alikuwa akileta kuni za kuchomea vyungu vya wengine. Nasema nanyi wanawake wenzangu, hiyo sauti nzuri tunaijua, na tumeitumia.

Siwazuri akamwita mlangoni.

"Dada Havijawa, nifinyangie chungu cha mama."

"Mimi? Wapo kina Bi Mashavu."

"Nakutaka wewe."

Havijawa hakuwa mjinga. Alimtazama. "Unanitaka kwa sababu sijui."

Siwazuri akainama. Angeweza kusema uongo, hakusema. "Ndiyo, dada."

Havijawa aligeuka. Alitaka kuondoka, miguu ikakataa. "Basi nisikilize," akasema. "Mama yako hakunicheka hata siku moja. Alinifundisha kukanda, akaniambia udongo una kiburi kama mkwe, ukiuzoea utakuzoea. Mimi siwezi kumfinyangia kibaya kwa makusudi. Nitakifinyanga kizuri kwa uwezo wangu wote, na nitaomba kitoke kizima. Wewe omba lako."

"Na kikitoka kizima?"

"Utanisamehe."

Akaenda. Akachimba udongo mwenyewe, akauchambua, akatwanga vigae mpaka vikawa unga. Akafinyanga, kikalala. Akafinyanga tena, kikalala. Mara ya nne kikasimama. Kilikuwa kimepinda mdomo kidogo, lakini kilisimama, na Havijawa akakizunguka mara mbili akitabasamu peke yake. Akakifunika kwa majani ya mgomba kisikauke haraka. Kila asubuhi alikuja akakigusa, akakiambia, "Usipasuke. Nakuomba, usipasuke."

Basi mmoja alikiambia pasuka. Mmoja alikiambia utapasuka. Mmoja alikiambia usipasuke. Mnanifuata? Twendeni.

Siku ya thelathini na nane Bi Somoe akawasha moto. Akavipanga vitatu vile katikati, kuni chini, makumbi ya nazi juu, nyasi kavu juu yake. Kijiji kizima kilikuwepo. Siwazuri hakuwepo, lakini nyumba ya mama yake ilitazamana na uwanja, na mlango ulikuwa wazi.

Mara wakasikia, paa! Kidawa akacheka. "Hicho changu," akasema, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa.

Jua lilipoanza kuteremka na jivu kupoa, Bi Somoe akaingia na fimbo yake, akafukua.

Akatoa cha Kidawa. Kimegawanyika vipande viwili, safi, kama nazi iliyopasuliwa na mjuzi.

Akatoa cha Bi Mashavu. Kizima. Akakipiga kwa ukucha, kikalia vizuri kuliko vyungu vyote vilivyowahi kutoka pale. Watu wakaguna. Bi Mashavu akafunika uso kwa upande wa kanga.

Akatoa cha Havijawa. Kimepinda mdomo, kimeiva vizuri, na kutoka mdomoni hadi tumboni kulikuwa na ufa ambao kidole kingeingia.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake waliomtuma kuni miaka mitano wakamkimbilia wakamkumbatia, wakamwita mwenzetu. Havijawa alikuwa amekaa chini analia. Hakuna aliyemuuliza analilia nini.

"Nyamazeni," Bi Somoe akasema. "Atakayepiga kelele ataondoka. Kidawa, sema."

Kidawa akasimama, akajishika kiuno. "Mimi sina maneno mengi leo. Mlitaka chungu kilichopasuka. Kile pale. Sikukigusa, sikukipiga, kimepasuka chenyewe motoni na nyote mmesikia. Tena mimi peke yangu ndiye niliyesema kitapasuka, kikapasuka. Wengine wamekuja kubahatisha juu ya mambo ya marehemu. Mimi nimefanya kazi niliyopewa. Mtamba wangu."

"Kaa. Bi Mashavu, sema."

Bi Mashavu akasimama pole pole. "Mama wa moto, desturi haikusema chungu kilichopasuka. Ilisema chungu kilichoshindwa, kilichomshinda mfinyanzi wake. Cha Kidawa kimemshinda nani? Alikiambia pasuka hapa, kikapasuka hapo hapo. Hicho kimetii. Sijaona chungu mtiifu kama hicho. Mimi nina miaka arobaini udongoni na hakuna chungu kilichonikataa, isipokuwa hiki. Nimekinyima vigae, nimekipa mkono wa kushoto, nimekiweka juani, nimekibembeleza, kimekataa. Kama kushindwa ni kutopata ulichokitaka kwa moyo wako wote, basi katika hivi vitatu hakuna kilichoshindwa kama changu. Mtamba simtaki. Namtaka mwenzangu aondoke kwa mkono wangu."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwingine alisema, huyu fundi anataka kumuaga maiti kwa chungu kizima? Mwingine akasema, lakini aliyosema ni kweli. Wewe uliyekaa hapo nyuma unatikisa kichwa, ngoja.

"Havijawa, sema," Bi Somoe akasema.

Havijawa hakusimama. "Sina la kusema."

"Basi nitamsemea mimi," Siwazuri akasema kutoka mlangoni, mguu wake usivuke kizingiti. "Chake kimepasuka, kwa hiyo kimewaridhisha wale wanaosema lazima kipasuke. Na hakukitaka kipasuke, kwa hiyo kimemshinda na yeye. Desturi yote imo katika chungu kimoja. Mnabishana nini?"

Nao wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mnabishana nini. Nanyi naona mmeitikia. Lakini Kidawa hakuwa mtu wa kukaa.

"Siwazuri mwanangu," akasema, "pole kwa msiba. Lakini nikuulize. Mimi nilikwenda mtoni nikachagua jiwe ambalo najua litapasua chungu. Wewe ulikaa mlangoni ukachagua mwanamke ambaye unajua atapasua chungu. Mimi jiwe langu nililificha ukutani mwa chungu. Wewe jiwe lako umelikalisha hapo linalia. Tofauti yetu nini? Kama changu kimetii, na hicho kimekutii wewe."

Hapo hata Bi Somoe akasahau ugoro wake mkononi. Neno lile lilikuwa na ukali, na lilikuwa na ukweli, na ndivyo maneno ya Kidawa yalivyokuwa siku zote.

Ndipo Havijawa akainuka. Alifuta macho kwa kiganja chenye jivu, uso ukawa na weusi.

"Mimi si jiwe," akasema. "Jiwe halikukesha. Jiwe halikuomba. Kidawa, dada yangu, wewe ulikwenda zako kupika, mimi nilikaa nacho. Mnanipigia vigelegele kwa sababu nimefanya kile mlichosema siku zote kwamba ndicho ninachokiweza. Kama mnanipa mtamba, kila asubuhi nitakapomkamua nitajua nimepewa kwa nini. Lakini nisiposema na hili moja sitalala. Siku ya ishirini na tano, nilipofunua majani, niliona ufa mdogo karibu na mdomo. Mdogo kama unywele. Kilichotakiwa ni kitambaa kibichi na kidole, basi. Nilikwenda kuchukua kitambaa. Nilipotoka nacho nikaona mlango wa Siwazuri, na moshi wa moto wake. Nikasimama. Halafu mume wangu akaniita, nikaenda. Niliporudi jioni niliusugua ule ufa, nikausugua sana, lakini udongo ulikuwa umekwisha kukauka. Kusimama kule sijui kulikuwa kitu gani. Sijui kama nilisahau, au nilichoka, au nilimwonea huruma. Nimejiuliza siku zote hizi. Naomba msiniulize, kwa sababu sijui."

Bi Mashavu alimtazama kwa muda mrefu. "Fundi angeusugua kwanza, ndipo angeitika," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

"Ndiyo," Havijawa akasema. "Ndiyo maana nasema sijui."

Sasa Bi Somoe akaketi chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya siku ya kuchoma. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Nimekaa na moto huu tangu sijaolewa. Kila chungu hapa kina ushahidi na kila chungu kina doa. Nikihukumu kwa macho, cha Bi Mashavu kimeanguka. Nikihukumu kwa nia, cha Kidawa kimeanguka. Nikihukumu kwa vyote viwili, cha Havijawa kimesimama, lakini aliyemchagua mfinyanzi alijua, na aliyekifinyanga hajui. Kaburi moja, chungu kimoja. Na kikipelekwa kisicho chenyewe, Bi Mwamvua hatakubali kuagwa mara ya pili, na huyu binti atachochea moto mpaka naye azikwe. Mimi sitaubeba mzigo huo. Mwenye mama ndiye atakayechagua. Keshokutwa asubuhi, yeye mwenyewe."

Vyungu vitatu vikapangwa mbele ya mlango wa Siwazuri, kimoja kizima, viwili vimepasuka. Vikakaa hapo siku moja, vikakaa siku ya pili. Watu walipita wakavitazama, wakagombana, wakaenda. Mkude alikuja akavitazama, akasema, "Chagua kimoja tu, Siwazuri. Chochote." Siwazuri akamwambia, "Hicho chochote ndicho nisichokiona."

Asubuhi ya siku ya arobaini mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mto, meusi na mazito. Ng'ambo, ukoo wa Mkude ulikuwa umekwisha kufunga mizigo. Kijiji kikakusanyika. Siwazuri akaja mlangoni, macho yamevimba kwa moshi na kukosa usingizi.

"Kabla sijachagua," akasema, "na mimi nina langu. Bi Mashavu amesema lake, Kidawa amesema lake, dada Havijawa amesema lake. Mimi siku thelathini na nane niliomba vipasuke. Nilimtaka Mkude, nilitaka kutoka. Lakini Bi Somoe alipofukua na kutoa kile kizima, kile kilicholia, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijisemea, basi mama anabaki. Nilifurahi kabla sijalia. Halafu kilipotoka kilichopasuka kwa kweli, cha dada Havijawa, niliuma kanga nisipige ukelele. Nimeomba aende kwa mdomo, nimemshika miguu kwa moyo. Sasa nifanye nini? Chungu kikimruhusu, na mimi ninayekibeba simruhusu, kitafika?"

Bi Mashavu alikuwa analia waziwazi. Kidawa, yule mwenye maneno, alikuwa anatazama chini na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Havijawa alisogea, akasimama karibu na mlango.

Siwazuri akainama, akanyoosha mikono miwili juu ya vyungu vitatu.

Nanyi hapo ndipo ninapowaachia. Msinitazame hivyo. Bibi yangu aliponisimulia alinyamaza hapa hapa, nikamnunia wiki nzima, na mpaka leo nimejibu mara tatu, majibu matatu tofauti. Nilipokuwa msichana nilisema cha Havijawa, nani asingesema? Nilipopata watoto wa kulisha nilimwelewa Kidawa, maana jiwe lake halikumdanganya mtu, na mtoto hanywi nia njema ya mama yake. Nilipomzika mama yangu nilisema cha Bi Mashavu, na sikuweza kueleza kwa nini.

Sasa zamu yenu. Yule aliyetaka kushindwa akashindwa kushindwa, ameshinda au ameshindwa? Yule aliyepanga kushindwa na mpango ukafaulu, tumwiteje? Na yule aliyetaka kushinda kwa moyo wake wote, isipokuwa ule muda mfupi aliosimama na kitambaa mkononi, tumhesabie upande gani? Na mwenye mama mwenyewe, aliyeomba chungu kipasuke kisha akafurahi kwamba hakikupasuka?

Je, nani alistahili mtamba? Na Siwazuri ajitwishe kipi?

Jibuni upesi, tone la kwanza la mvua limekwisha kumwangukia mkononi.